Haragwe la Kabatini

Sisi wa mfumo wa zamani wa elimu wa 8-4-4 tulisoma kuota kwa mbegu bila kuiona mbegu. Mwalimu alichora haragwe ubaoni, tukalinakili daftarini kwa penseli, na haragwe lenyewe tukakutana nalo saa saba kwenye githeri. Tukadhani yamekwisha. Kumbe tulikuwa tumeahirishiwa tu: mtaala wa umilisi ulipoanza kutumika Kenya nzima mwaka 2019, wazazi tuliitwa kumalizia kazi.

Binti yangu wa Gredi ya Nne alitakiwa aoteshe maharagwe mawili, moja mwangani na moja gizani, kisha asimame mbele ya darasa na wazazi aeleze mimea inahitaji nini. Jibu lilijulikana kabla ya swali. Tulitafuta makopo mawili ya majarini, pamba, maji, na maharagwe ya rosecoco kutoka mkebe wa jikoni. Kopo moja likakaa dirishani. La pili likaingia kabatini, nyuma ya sufuria ya wageni, katikati ya mifuko ya plastiki iliyopigwa marufuku 2017 ambayo mama mkwe bado anaihifadhi, akiamini marufuku itapita.

Kundi la wazazi la WhatsApp likageuka uwanja wa mashindano. Pamba zetu zilikuwa hazijalowa vizuri, mzazi mmoja akatuma picha ya mche wenye majani mapana, mizizi yake bado imo katika kile kimfuko cheusi cha wauza miche wa Ngong Road. Isitoshe, haragwe lake lilikuwa mnyanya. Hakuna aliyesema neno. Tulimtumia vidole gumba.

Kwetu mambo yaliharibika kwa namna nyingine. Haragwe la dirishani lilitoka fupi, nene, la kijani, limelalia upande wa kioo. Haragwe la kabatini, lililotakiwa life kwa faida ya sayansi, lilikuwa limemzidi mwenzake maradufu. Jembamba, limepauka, limenyoosha shingo kama abiria anayechungulia iwapo matatu yake inakuja.

Mama yake binti yangu ni mhasibu, akatoa ushauri wa kihasibu: tubadilishe vibandiko.

“Haiwezekani,” binti akasema. “Nimelipima kwa rula, na nimeandika kwa kalamu ya wino.”

Ikabidi nirudi kusoma, usiku, watu wenye akili wakiwa wamelala. Mbegu ya haragwe hubeba akiba ya chakula katika zile nusu zake mbili. Mche ukiwa gizani hautengenezi ile rangi ya kijani, klorofili, unayoihitaji kujitengenezea chakula. Akiba yote huitumia kurefuka, ukitafuta pa kutokea. Akiba ikiisha kabla mwanga haujapatikana, unaanguka. Kuinama kwa lile la dirishani nako kulishachunguzwa zamani. Charles Darwin, akisaidiwa na mwanawe Francis, alitoa kitabu mwaka 1880 akieleza walivyofunika ncha za miche michanga ya nyasi kwa vikofia na kuona kwamba iliyofunikwa haikuufuata mwanga. Nikafarijika kwamba baba na mtoto kuhangaishwa na mimea hakukuanzia Nairobi, ingawa Francis alikuwa mtu mzima na sidhani alimwamsha baba yake usiku kuuliza kama haragwe linasikia baridi.

Siku ya siku tulipanda matatu, kila mmoja na kopo lake. Kwenye tuta la kwanza haragwe la kabatini likavunjika shingo. Binti hakulia, alinyamaza, na hilo ndilo baya zaidi. Makanga aliyetaka kututoza nauli ya mizigo akalegea ghafla, akatoa kijiti cha meno, akaapa kwamba hajakitumia, na abiria wa nyuma akachomoa uzi kwenye ukingo wa leso yake. Tukaligangia pale pale, muziki ukitetemesha madirisha.

Hotuba niliyomwandikia ilianza hivi: “Mimea haiwezi kumea bila mwanga.” Alisimama, akaitazama karatasi, akaikunja.

“Hili la gizani ni refu,” akasema, “lakini si kwa sababu lina afya. Ni refu kwa sababu lina njaa. Linatafuta jua.”

Mwalimu akaitikia kwa kichwa. “Na hiki kijiti?”

“Hicho ni cha makanga.”

Wazazi wakacheka, nami nikacheka kwa sauti kuliko wote ili nisionekane mhusika. Akafuata mwenye mnyanya. Mwalimu akamuuliza kwa upole mbegu yake ilianza kuota lini. Mtoto akafikiri, akamtazama mama yake, akajibu kwa uaminifu wote aliojaliwa: “Sijui, Mwalimu. Ilikuja na gari la Mama.”

Wote wawili walipewa alama ya “kufikia matarajio”. Naona ni haki: mmoja alieleza mmea wake, mwingine alieleza usafiri wake, na hakuna aliyedanganya isipokuwa sisi watu wazima.

Tumeshatangaziwa mradi unaofuata. Ni mboji, na wanatakiwa nyungunyungu walio hai. Msomaji mwenye nao wa ziada, tafadhali nitafute kabla ya Jumatatu.