Mheshimiwa Kifungo cha Kitambaa

Mwaka 1720 Uingereza ilikuwa katika msiba wa fedha. Hisa za Kampuni ya Bahari ya Kusini zilikuwa zimepanda mpaka watu wakarukwa na akili, kisha zikaporomoka, na waliolala matajiri wakaamka wadeni. Katika kikao kilichofuata balaa hilo, waheshimiwa wabunge walipata nafasi ya kutunga sheria dhidi ya kifungo cha nguo. Si kifungo chochote, bali kile kinachofunikwa kwa kitambaa kilekile cha nguo. Faini ilikuwa shilingi 40 kwa kila dazeni. Shilingi za wakati ule, jamani, si hizi zetu ambazo 40 haikupatii hata pipi.

Wala haikuwa sheria ya kwanza. Ilitungwa moja mwaka 1698, ikaonekana haitoshi, ikatungwa nyingine mwaka 1709, nayo haikutosha. Watengeneza vifungo vya hariri na vya singa za mbuzi walikuwa wamelia kwamba mafundi cherehani wa siku hizo, ambao cherehani yenyewe walikuwa hawajaiona, wanawaua njaa: wanaokota kipande kilichobaki mezani, wanafunika nacho kijiti, kifungo tayari. Hata Ufaransa ya Louis XIV, dola iliyopigana na nusu ya Ulaya, ilihangaika na adui huyohuyo.

Sasa nioneshe kitu kingine, katika vyote tunavyovitukuza huku kusini mwa Tanzania, kilichowanyima usingizi wafalme kiasi hicho. Korosho? Korosho ina sheria yake, ina bodi yake, ina minada yake, lakini korosho inaliwa, kwa hiyo mtu kuigombania si ajabu. Kifungo cha kitambaa hakiliwi, hakiwashi taa, hakikopesheki. Kiligombaniwa kwa hadhi yake tu. Ndiyo maana leo nimeshika kalamu kumsifu mheshimiwa huyu, ambaye Masasi na Newala nzima anaonekana ni kero.

Kero yenyewe naijua, maana nimekaa baraza moja la fundi Newala nikaitazama ikizaliwa. Kwanza fundi anatafuta kiini. Mzungu wa Dorset, Uingereza, alitumia pembe ya kondoo. Huku kibuyu kilichopasuka kinatosha: unakata kipande, unakisugua kwenye jiwe mpaka kiwe duara la ukubwa wa kucha ya dole gumba. Kisha unakata duara la kitambaa, upana wake karibu mara mbili ya kiini. Ukikata dogo, kitambaa hakifiki nyuma. Ukikata kubwa, nyuma kunatuna kama shavu lenye tonge la ugali. Uzi unaupitisha kwenye nta ya nyuki usije ukakatika, unapiga bandi ukingoni kuzunguka duara lote, unaweka kiini katikati, unavuta. Kitambaa kinajikunja marinda na kukimeza kibuyu. Hapo unashona nyuma kwa kukatisha huku na huku mpaka marinda yote yatulie, halafu unazungushia uzi mara kadhaa kupata kikonyo cha kushikia nguo. Katikati ya shughuli hiyo sindano inateleza kwenye kibuyu na kuingia kidoleni. Tone la damu kwenye bafta nyeupe! Fundi anayeijua kazi hakimbilii sabuni. Anatema mate yake mwenyewe palepale, anasugua, doa linatoka. Mate ya mtu mwingine, mafundi wanaapa, hayafanyi kazi.

Hicho ni kifungo kimoja. Kanzu la padre wa Kianglikana, lile refu lenye safu moja ya vifungo kutoka shingoni hadi miguuni, kwa mapokeo lina 39, eti kwa ajili ya zile Makala 39 za imani yao. Ukimpa fundi robo saa kwa kila kimoja, ni saa kumi kasoro robo, na hapo hajatoboa tundu hata moja. Wakatoliki wana huruma zaidi: kanzu lao kwa mapokeo lina 33, kwa miaka ya Yesu duniani. Wenye akili kuliko wote ni Wabenediktini wa Ndanda, jirani zetu tangu 1906, ambao vazi lao la kimonaki ni joho, mkanda na skapulari, basi. Nadhani ndiyo sababu walipata muda wa kujenga hospitali.

Lakini kwa nini Masasi ihangaike na vifungo vya zamani? Kwa sababu ya historia, ndugu yangu, na historia huku ilikuja imevaa. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya Kianglikana ya UMCA alitoka Unguja na watu waliokombolewa utumwani, hamsini na kitu, wakashuka Lindi, wakapanda kwa miguu mpaka kwenye majabali ya Masasi, wakafanya makazi. Mwaka 2026 safari hiyo inatimiza miaka 150. Kila parokia na kila shule itakayotaka kuigiza msafara huo itakuja kugongana na swali moja: Steere avae nini?

Hao waliokombolewa hawana tabu. Kaniki, merikani, kanzu. Merikani ni rahisi kuiga, ni pamba isiyopaushwa tu, ile iliyopata jina kwa sababu wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, waliimwaga Unguja hadi ikatumika kama fedha huko bara. Kanzu ya pwani nayo ina upasuo mfupi shingoni, kifungo kidogo na kishwara, kazi imekwisha. Wamisionari wenyewe walipenda iwe hivyo. UMCA haikutaka kuwaona wanafunzi wake wakijitia suruali na makoti ya Kizungu. Kwa hiyo mzigo wote wa vifungo unamwangukia askofu, na askofu kwenye mchezo wa kuigiza huwa ni mwalimu wa shule mwenye kitambi.

Hapa fundi wa Newala akioneshwa picha ya kanzu la askofu kwenye simu huanza kwa kucheka.

“Kaka, hivi vyote vya nini? Zipu ipo hapa.”

“Askofu Steere hakuvaa zipu, fundi.”

“Ulimwona?”

Mtaalamu wa mavazi ya kale atakuja na hoja nzito zaidi ya hiyo. Atasema kwamba mwaka 1876 vifungo vya kitambaa vya kiwandani vilikuwa vimekwishaenea. Ni kweli tupu. Benjamin Sanders wa Birmingham alipata hataza mwaka 1813 ya kubana kitambaa katikati ya vipande viwili vya chuma, na mwanawe mwaka 1825 akaongeza kikonyo laini cha turubai ili kifungo kikae vizuri kwenye nguo. Kwa hiyo vifungo vya Steere huenda vilitoka kwenye mashine, na fundi wetu aliyejichoma kidole anaweza kuwa anatengeneza kwa mkono kitu ambacho mwenye nguo hakukihitaji kwa mkono. Maana yake kifungo hiki hata ulazima hakina! Hapo ndipo heshima yangu kwake ilipopanda. Vitu vyenye manufaa vinasifiwa na kila mtu. Kupoteza saa kumi kwa kitu ambacho mashine ilikimaliza zamani kunataka moyo.

Huko Dorset walijua. Tangu 1622, Abraham Case alipoanzisha biashara hiyo Shaftesbury, familia za vijijini zilikula kwa vifungo vya uzi na kitambaa, mama na watoto mlangoni, kila mtu na sindano yake. Kisha mwaka 1851 mashine ya Ashton ikaoneshwa London kwenye maonesho makubwa, na kazi ya zaidi ya miaka mia mbili ikafa kwa muda mfupi mno. Watu wakahama nchi. Hizo sheria tatu za Bunge hazikukiua kifungo. Mashine iliwaua njaa waliokitengeneza.

Fadhila nyingine za mheshimiwa ni za hapahapa kwetu. Chukua maji. Juu ya uwanda wa Wamakonde maji yalikuwa shida ya vizazi na vizazi, wanawake wakiteremka mabondeni kuyafuata na kupanda nayo kichwani. Nguo yenye viini vya kibuyu hailowekwi, haichemshwi, haipigwi jiweni. Ama uvikate vifungo vyote kwanza na kuvirudishia baadaye, ama uiache kama ilivyo. Mwenye akili anaiacha. Kifungo cha kitambaa kimeokoa ndoo ngapi za maji Newala, mamlaka ya maji haijawahi kukishukuru. Vumbi jekundu linalipaka kanzu taratibu mpaka rangi ya nguo na rangi ya barabara zinapatana, na mchezo wa kuigiza unazidi kuonekana wa kweli.

Chukua malezi. Bibi harusi aliyeazima gauni lenye safu ya vifungo vya kitambaa mgongoni, kila kimoja na kishwara chake, hawezi kulivaa peke yake wala kulivua peke yake. Anamhitaji shangazi. Shangazi anahitaji miwani. Nje gari linapiga honi, ndani vidole vinatafuta kishwara cha tano.

“Shangazi, watu wanasubiri!”

“Tulia, mwanangu. Mimi nilisubiri miaka mitatu mjomba wako alete posa.”

Mambo yanayosemwa katika nusu saa hiyo ya kufunga vifungo, binti hayapati kwenye semina. Zipu ingemaliza kazi kwa sekunde mbili na shangazi angebaki na nasaha zake tumboni.

Maadui wa mheshimiwa, najua, watamleta mmisionari Chauncy Maples. Maples alifanya kazi Masasi tangu miaka ya 1870. Wangoni walipoivamia misheni mwaka 1882 akahamia Newala. Mwaka 1895 akawekwa wakfu kuwa askofu, na tarehe 2 Septemba mwaka huohuo mashua yake ikapinduka katika Ziwa Nyasa. Alikuwa mwogeleaji hodari. Wanaosimulia habari zake wanasema kanzu lake ndilo lililomlemea. Kifo si cha mzaha, na wala sikifanyii mzaha. Ila mtetezi wa mheshimiwa lazima aseme neno: mita za kitambaa kilicholowa ndizo nzito, kifungo hakina uzito wa kumzamisha mtu. Kwamba mtu hawezi kufungua safu nzima ya vifungo haraka katikati ya mawimbi, hilo sitalijibu.

Sifa ya mwisho inahusu usawa. Kifungo cha dhahabu kinatangaza tajiri, cha plastiki kinatangaza haraka. Cha kitambaa kinajificha ndani ya rangi ya nguo mpaka hakuna anayejua kama mtu alikesha juu yake. Watazamaji watamtazama mwalimu mwenye kitambi jukwaani, watasema kanzu limempendeza, watauliza chakula kinatoka saa ngapi. Fundi ameketi nyuma na plasta kidoleni.

Kwa hiyo, msomaji, ukivihitaji vifungo hivi kwa igizo au harusi ya Desemba, nenda kwa fundi wako mwezi wa nane, ukichelewa sana wa tisa. Beba robo mita ya kitambaa cha ziada, nta, na kibuyu ambacho hakishiki maji tena. Lipa nusu mbele na usimuulize zipu ni bei gani. Usingoje Oktoba: minada ya vyama vya ushirika vya TANECU na MAMCU ikishaanza na fedha za korosho zikaingia mifukoni, mafundi wote wa Masasi na Newala wanashona sare za harusi, na sare za harusi zote ni za zipu.