Nani Kama Njoo Kesho

Wamesifiwa majemadari, wamesifiwa maharusi, hata embe dodo limeimbiwa. Njoo Kesho, mwenye kiti chake katika kila ofisi ya serikali, hajapata hata ubeti. Leo namtolea haki yake, nami nitamsifu pale alipofanya kazi nzito kuliko zote: Kongo ya Kinshasa, kuanzia Septemba 2013 hadi mwanzoni mwa 2016.

Tarehe 25 Septemba 2013 idara ya uhamiaji ya nchi hiyo, DGM, ilisimamisha vibali vya kutoka kwa watoto walioasiliwa na wageni. Tazama ustadi wake. Mahakama hazikufungwa. Hakimu alitoa hukumu, mtoto akapata jina la ukoo la baba wa Milano au Ohio, akapata pasipoti, na hata viza akagongewa. Kilichokosekana ni karatasi moja tu ya kumpitisha uwanja wa ndege. Watoto zaidi ya 1,000 wakawa na wazazi kisheria, na wazazi wasiweze kuondoka nao. Nani mwingine angempa mtu mtoto na kumnyima hapo hapo, bila hata kupandisha sauti?

Maana Njoo Kesho ana adabu. Lubumbashi, karani humtazama mama wa kigeni aliyekumbatia bahasha ya plastiki yenye nakala tatu tatu za kila kitu, humjulia hali, huuliza habari za mtoto na za mume aliyebaki kwao, kisha kwa upole: "Mama, urudie kesho. Shefu hayuko." Shefu kweli hayuko. Koti lake lipo, limevishwa kiti, nalo linatimiza saa zote za kazi.

Halafu ni mwalimu. Mzazi alikuja akidhani karatasi ikishapigwa mhuri imekwisha kazi. Akafunzwa kwamba karatasi huzaliwa, huugua, hufa. Cheti cha daktari cha viza ya Marekani kina miezi 6. Alama za vidole alizotoa mzazi kwao zina miezi 15, utadhani baada ya hapo mtu huota vidole vipya. Ukihuisha hiki, kile kiko mahututi. Picha ya mtoto iliyo kwenye faili ina meno mawili. Mwenye picha siku hizi anahesabu hadi ishirini na anauliza kwenye simu mbona mama haji. Na ipo hati niipendayo kuliko zote, hati ya kutokata rufaa, inayothibitisha kwa sahihi na mhuri kwamba hakuna aliyejitokeza kupinga hukumu. Unasubiri muda upite mtu asitokee; kisha unasubiri uandikiwe kwamba hakutokea.

Ameshibisha wengi pia: wapiga fotokopi, madereva wa teksi, wenye nyumba za kupangisha, kwani wapo wazazi waliohamia kabisa Kinshasa ili walau wasubiri wakiwa na mtoto. Doa lake ni upendeleo. Mei 2014 Italia ilituma ndege ya serikali, waziri Maria Elena Boschi akiwemo, ikarudi Roma na watoto 31. Wasio na ndege waliendelea na benchi.

Wapo watoto waliofariki wakisubiri. Hapo sina sifa.

Wala sitamtetea ndugu yake, Leo Leo, aliyemtangulia. Huyo ndiye aliyeweza kumfanya mtoto mwenye mama hai kuwa yatima kwa barua moja na noti kadhaa, ndege ikiwa inangoja. DGM iliposimamisha vibali ilitaja hofu ya watoto kuteswa huko waendako au kukabidhiwa familia nyingine, na nyaraka za kughushi hazikuwa siri. Uganda nako, sheria ya kuasili ilimtaka mgeni akae nchini na kumlea mtoto miaka 3. Wengi wakapita uchochoroni, wakachukua ulezi wa kisheria na kupanda ndege. Marekebisho ya 2016 yalifunga uchochoro huo na kuweka mwaka mmoja. Mwaka huo una mwisho unaojulikana, na mzazi anaulala nyumba moja na mtoto, akijua homa zake na chakula anachokataa. Huko ni kusubiri kwenye kazi. Faili lililolala mezani Kinshasa halikwenda kijijini kumtafuta bibi wa mtoto. Kama ulikuwa uchunguzi, basi kwa muda mrefu mchunguzi alikuwa vumbi.

Tume ya wizara kadhaa ilipokamilisha kuyapitia mafaili mwanzoni mwa 2016, watoto wengi wakaruhusiwa kuondoka. Wazazi wa Marekani wakashuka na wana wao, kukawa na maputo, wengine wakalia. Kisha baadhi ya wale ambao hawakuwa wamemwona mtoto kabla ya hukumu ya Kongo wakaambiwa kwamba kwa sheria ya kwao inabidi mtoto aasiliwe upya, katika mahakama ya jimbo, ndipo uraia ukamilike. Mtu akabeba faili lake hadi dirishani, akapewa fomu na tarehe ya mwezi ujao. Njoo Kesho ana tawi huko pia, na la huko lina kiyoyozi.