Onyesho la Awali, Aibu ya Mwisho

Kazi ya picha ina aibu nyingi, lakini ya kuunganisha leya, yaani tabaka za picha, mbele ya mteja ina uchungu wake. Fundi ameketi; nyuma yake amesimama shangazi wa bwana harusi, mtu asiyekuja kubembelezwa. Picha ni ya ukumbini usiku: suti nyeusi, taa hafifu, kamera imelazimishwa kuona gizani. Fundi anaweka leya ya marekebisho, anavuta kitelezi cha weusi, na suti inakolea ikawa nyeusi tii. Shangazi anaguna kwa kuridhika. Fundi anabonyeza amri ya kuunganisha leya zote ziwe moja, na papo hapo, bila mkono kugusa kingine chochote, suti inapauka na chengachenga zinatapakaa mabegani. “Mwanangu, mbona umeiharibu?” Na mwanangu hana la kujibu, kwa sababu hakuharibu kitu. Alikubali tu kile alichoonyeshwa.

Nataka kumtetea fundi huyo, na hoja yangu ni moja: programu ilikuwa inakisia, ikakisia kwa uso mkavu, haikusema kwamba inakisia. Kukisia kwenyewe sikulaumu, na hata nakustaajabia. Picha ya megapikseli 24 ina pikseli 6000 kwa upana na 4000 kwa kimo. Skrini ya kawaida ina 1920 kwa 1080, yaani kama milioni 2. Picha haienei, lazima ipunguzwe. Kuipunguza upya kila kitelezi kinaposogea ni mzigo mzito, kwa hiyo programu huandaa mapema nakala ndogo ndogo, ya nusu, ya robo, ya thumni, ikaziweka akiba. Mwaka 1983 Lance Williams alieleza ngazi za namna hii katika michoro ya kompyuta, na utamu wake uko kwenye hesabu: ukizipanga nakala zote hizo mpaka ufike kwenye pikseli moja, jumla yake haizidi theluthi ya picha mama. Kwa theluthi moja ya nafasi unapata wepesi wa ajabu. Photoshop huja imepangiwa ngazi 4, na mwenye njaa anaweza kuziongeza hadi 8. Aliyebuni mambo haya hakuwa mvivu.

Tatizo linaanzia kwenye leya zenyewe. Photoshop ilipata leya mwaka 1994, na leya za marekebisho zikafuata mwaka 1996. Ubora wa leya ya marekebisho ni kwamba haibadilishi pikseli hata moja. Ni agizo tu: chukua kilicho chini yangu, kifanye cheusi zaidi. Agizo huwa linangoja kutekelezwa, na kila linapotekelezwa lazima litekelezwe juu ya kitu fulani. Ukiwa umeitazama picha kwa asilimia 25, programu hulitekeleza juu ya nakala ya robo, ambamo pikseli 16 zimekwisha kuchanganywa zikawa moja. Ukiunganisha leya, hulitekeleza juu ya pikseli zote milioni 24, kisha ndipo inapunguza ili uone. Kwanza ilipunguza halafu ikarekebisha, sasa inarekebisha halafu inapunguza. Msomaji anaweza kudhani mpangilio huo hauna maana, kama vile kuvaa shati kabla ya suruali. Una maana kubwa.

Tuchukue pikseli nne za begani kwa bwana harusi. Tatu zina thamani 0, nyeusi kabisa, na ya nne ina 80, kwa sababu ni chenga iliyozaliwa na giza la ukumbi. Wastani wake ni 20. Sasa fundi anaweka agizo: kila chenye 20 au pungufu kiwe 0, na kilichobaki kinyooshwe kianzie 0 na kuishia 255, nyeupe kabisa. Katika nakala ndogo kuna pikseli moja tu, yenye 20, nayo inakuwa 0. Suti safi, shangazi anaguna. Katika picha halisi zile tatu zinabaki 0, lakini ile ya 80 haifi, inashuka mpaka 65 hivi. Wastani wa nne hizo unakuwa 16. Chenga ambayo onyesho liliapa kwamba haipo, ipo, na imebaki peke yake katikati ya weusi mtupu. Serikali ingefanya vivyo hivyo kama ingepita mtaani kutoza kodi kila mwenye zaidi ya ng'ombe 20, ikakuta kaya nne, tatu hazina hata ndama na moja ina 80, ikapiga wastani na kuandika kwamba mtaa huu hauna wa kutozwa. Ripoti ingekuwa nadhifu sana.

Jambo hili wala si geni kwa wanahesabu. Johan Jensen, Mdenmaki aliyeajiriwa na kampuni ya simu ya Copenhagen, alichapisha mwaka 1906 kanuni inayolihusu: kwa mstari ulionyooka, wastani wa matokeo ni sawa na matokeo ya wastani, lakini mstari ukipinda hivyo viwili huachana, na kadiri unavyopinda ndivyo vinavyozidi kutengana. Ndiyo maana marekebisho mengine hayaleti fedheha yoyote. Ongeza mwanga kidogo, sawasawa kwa pikseli zote, bila kugonga ukuta wa 0 wala wa 255, na onyesho litakuwa la kweli. Lakini fundi gani aliwahi kuishi kwa mstari ulionyooka? Kazi yote iko kwenye mikunjo, kwenye kukata weusi na weupe, kwenye kizingiti kinachoamua hii nyeusi na hii nyeupe. Kizingiti ndicho kinara wa uongo: mchoro wa vitone vyeusi na vyeupe, nusu kwa nusu, ukipunguzwa unakuwa kijivu kitupu, na kizingiti kikipita hapo kinaufuta wote au kinaujaza wote.

Watakaonipinga nawajua, na wa kwanza ni mjuzi wa studio: “Si upande asilimia 100 uone ukweli?” Ni kweli, kwa asilimia 100 pikseli moja ya picha ni pikseli moja ya skrini, na kukisia kunakwisha. Lakini kwa kipimo hicho skrini ile inaonyesha chini ya sehemu moja ya kumi ya picha. Unaona bega, huoni harusi. Uamuzi wa weusi unahusu suti na shela, uso na ukuta, vyote pamoja, na hauwezi kutolewa kwa kutazama kifungo cha koti. Kumwambia mtu achague kati ya kuona yote kwa uongo na kuona kipande kwa ukweli, kisha kumlaumu kwa alichochagua, si ushauri.

Wa pili anasema kompyuta ingezimia kama ingepiga hesabu ya picha nzima kila mara. Nakubaliana naye kwa nusu. Kitelezi kikiwa kinatembea, kisia utakavyo, hakuna anayedai usahihi wa kitu kinachokimbia. Lakini mkono ukitulia, fundi akiegemea kiti na kumgeukia mteja, mashine imekaa bure. Wakati huo huo ingeweza kupiga hesabu ya picha nzima na kubadilisha makisio kwa ukweli. Hesabu hiyo italazimika kupigwa tu siku ya kuhifadhi faili, na siku hiyo hakuna anayesikia kompyuta ikilalamika.

Wa tatu ndiye anayeniudhi: “Mteja ataitazama kwenye simu, ataona nini?” Ataona 16. Picha inayotumwa WhatsApp hupunguzwa baada ya marekebisho kufanyika, kwa hiyo hata ikiwa ndogo kama kucha inabeba ile suti iliyopauka. Ile 0 haikuwahi kuwepo popote duniani isipokuwa kwenye skrini ya fundi, kwa dakika chache, ikisubiri aikubali.

Aibu nyingine nazipita. Skrini iliyowashwa mwanga mkali mno hudanganya giza. Rangi za skrini na za wino hazijawahi kuwa ndugu wa kweli. Kunoa picha ukiwa kwenye robo ni kunoa usichokiona.

Ninalolalamikia kwa dhati ni hili. Kwenye grafu ya Photoshop inayoonyesha mgawanyo wa mwanga kuna alama ndogo ya pembetatu, inayotokea pale grafu inaposomwa kutoka kwenye akiba badala ya picha yenyewe. Ukiibonyeza, hesabu inafanywa upya. Kwa hiyo waundaji wa programu wanajua kwamba akiba si picha, na wanajua kumwonya mtu kwa adabu. Wameiweka alama hiyo kwenye grafu, ambayo mafundi wengi wameifunga kitambo ili wapate nafasi, na picha, ambayo ndiyo mteja analipia, wameiacha bila alama yoyote. Gharama ya ukimya huo hailipwi na aliyeandika programu. Inalipwa na kijana wa studio anayechapa upya albamu kwa karatasi yake na wino wake, na juu yake anaitwa mzembe.

Wekeni alama hiyo hiyo pembeni ya picha. Mpaka mtakapoiweka, nawe msomaji unayeishi kwa kazi hii, kabla ya kuunganisha leya panda asilimia 100, pitia nguo nyeusi, ngozi na lesi ya shela, hifadhi nakala yenye leya zake, ndipo ubonyeze.