Kasha la Mvuke
Mwenzetu mmoja, mfanyabiashara wa Xiaobei, Guangzhou, China, amefanya la maana: sigara yake ya kielektroniki ameichongeshea kasha la mninga, pembe za chuma cha pua, bawaba mbili na kufuli. Wanaomcheka hawajui thamani ya kitu. Mabibi wa Unguja walitunza dhahabu kwenye masanduku ya njumu. Yeye anatunza mvuke wenye ladha ya embe. China yenyewe, tangu Oktoba 2022, imepiga marufuku kuwauzia raia wake ladha za matunda, ila za kwenda ng'ambo ruksa. Ukarimu ulioje! Pasipoti ya mwenzetu imo kwenye mfuko wa rambo, stakabadhi za kontena zimo soksini. Na mapafu? Hayo Mungu alishayapa kasha la mbavu. Kufuli ndiyo hakuweka.