Mwongozo wa Kutengeneza Picha Nzuri Isiyo na Mtazamaji

Mtayarishaji mpendwa, kutengeneza picha mbovu ya maroboti isiyotazamwa na mtu si kazi. Mtoto wa darasa la nne anaiweza, mpe simu tu. Ustadi ni kutengeneza picha safi, taa zimepangwa, sauti inatetemesha ukuta, kisha ukumbi ubaki na mwenye ukumbi.

Mahali pa kuipimia ni Mabogini, hapa chini ya Moshi mjini, kwenye mashamba ya mpunga. Ingia banda la video jioni: mabenchi ya mbao, dirisha limezibwa kwa gunia, runinga iko ndani ya kabati la kufuli. Picha ikianza, benchi la mbele litauliza mambo mawili: stelingi ni nani, na anatafuta nini? Hayo ndiyo ya kuficha. Stelingi asimame dirishani, mvua inyeshe, muziki uvume. Akiulizwa swali, ageuke polepole. Asipigane na mtu kabla ya nusu saa, na akipigana, watu wasijue wamshangilie yupi.

Mwalimu wako awe Ridley Scott. Blade Runner yake iligharimu dola zipatazo milioni 30, na mwaka ule haikurudisha hata hizo katika kumbi za Marekani. Ilitoka Juni 25, 1982, wiki mbili baada ya E.T. ya Steven Spielberg, wakati taifa zima linalia kwa ajili ya kiumbe mwenye shingo ndefu anayetaka kurudi kwao. Siku hiyohiyo ikatoka The Thing ya John Carpenter, picha nyingine nzuri ya viumbe wageni, nayo ikaanguka vilevile. Wewe huna haja ya kumsubiri Spielberg. Toa yako siku ya Simba na Yanga.

Jina nalo lisiseme kitu. Mwaka 2012 Disney walikuwa na picha ya mtu anayekwenda kupigana sayari ya Mars. Wakaifuta Mars kwenye jina, ikabaki John Carter. Nani huyo? Fundi cherehani? Mwezi huohuo wa kutoka kwake walitangaza kwamba wanatarajia hasara ya dola zipatazo milioni 200.

Sasa tuje kwa adui yako mkubwa, DJ. Nchi hii ina watu wanaoichukua picha ya Kichina, ya Kihindi au ya Kimarekani na kuiwekea sauti yao juu kwa Kiswahili: wanatafsiri, wanaonya, wanatania, wanamwambia stelingi ageuke kabla hajachomwa kisu. Lufufu ndiye aliyewafungulia njia, na waliomfuata ni wengi. Wasomi huwacheka, wakidhani DJ yupo kwa sababu watazamaji hawajui Kiingereza. Mbona kule Uganda, Nabwana I.G.G. alipotengeneza Who Killed Captain Alex? mwaka 2010, picha ya watu wa palepale Wakaliga, bado ikapata mtu wa kuisemea juu? DJ anajibu swali la benchi la mbele kabla benchi halijachoka. Kwa hiyo usimkaribishe.

Hollywood wenyewe walimhitaji. Watazamaji wa majaribio walipotoka kwenye Blade Runner wamechanganyikiwa, wenye fedha wakaamuru Harrison Ford aieleze hadithi kwa sauti yake. Akasoma kama mwenyekiti anayesoma mapato na matumizi mbele ya wanakijiji wenye hasira. Ndivyo inavyopaswa: maelezo yawepo, mwenye kuyasema asiyajali. Miaka 35 baadaye ikaja Blade Runner 2049, dakika 163, ikapata Oscar mbili, na waliotoa fedha wakahesabu hasara. Hao wamehitimu.

Bado kuna hatari moja. Picha yako inaweza kugusa jambo ambalo Mabogini wanalijua kukushinda. Mfano ni Pumzi, filamu fupi ya Mkenya Wanuri Kahiu ya mwaka 2009, ambayo mimi naihesabu miongoni mwa filamu bora za kubuni za kisayansi zilizotoka kwetu. Vita ya maji imepita, watu wamejifungia ndani, kila mmoja ana mgao wake, na jasho na mkojo vinasafishwa vinywewe tena. Asha anapata udongo wenye unyevu, anaotesha mbegu, wakubwa wanamkatalia kutoka nje. Ilifika Sundance mwaka 2010. Jina ni la Kiswahili, maongezi machache yaliyomo ni ya Kiingereza, na njia yake ilikuwa ya matamasha. Mkulima hakuwa na pa kukutana nayo.

Na ni bahati yako, maana hapa mradi wa umwagiliaji uliojengwa kwa msaada wa Japani ulikamilika mwaka 1987, mpunga ukakubali, walioko juu ya mto nao wakaona wasipitwe, wakalima, maji ya chini yakapungua. Tangu hapo mtu analala kwenye mfereji na tochi akilinda zamu yake, na bado asubuhi anakuta jaruba limepasuka na la jirani limejaa. Mwonyeshe mkulima huyo Asha akimimina tone lake la mwisho kwenye mche. Hatakuuliza stelingi ni nani. Atauliza mgao unagawiwa na kamati gani, nani aliichagua, na wakubwa wale wanaoga wapi.

Benchi la nyuma litamjibu. Mwingine atasema huyo binti amekosea, mche haupandwi juani mchana. DJ atapunguza sauti ili naye achangie. Ukifika hapo picha yako imeshatazamwa na kazi imekuharibikia. Wahi swichi, zima, sema umeme umekatika. Hakuna atakayekubishia.