Namna ya Kumnenepesha Bibi Harusi kwa Kitufe Kimoja

Kamati ya harusi ikishakukabidhi laptopu, projekta na flashi iliyojaa picha za maharusi tangu wakiwa wachanga, usibabaike. Kinachotakiwa ni kila picha ikae katikati ya skrini na kuijaa, na hilo mashine italifanya yenyewe. Wewe jisogezee pilau.

Fungua mpangilio wa picha uchague kuvuta. Skrini za siku hizi zina upana wa 16 kwa kimo cha 9, ilhali picha ya simu iliyolazwa mara nyingi ni 4 kwa 3. Ukiamuru ivutwe mpaka ienee, kila aliyemo atapanuka kwa theluthi moja bila kula hata tonge la ziada. Ya wima, yaani 3 kwa 4, inapendeza zaidi: upana unapita mara mbili ya ule wa awali. Shangazi zake bwana harusi watanong'onezana kwamba ndoa imemkubali, na hata cheti hakijasainiwa.

Mama wa bibi harusi akija juu, usibishane naye. Hamia mtindo wa kujaza kwa kukata. Huu haumnenepeshi mtu, unamkata tu, tena kwa haki: picha inakuzwa mpaka iguse kingo zote mbili za pembeni, na kinachozidi juu na chini kinatupwa sawa kwa sawa. Chukua ile ya 9 kwa 16, iliyopigwa kwa ajili ya kurushwa WhatsApp. Kwenye skrini ya pikseli 1920 kwa 1080 inabaki chini ya theluthi moja ya kimo chake. Sasa mtu kasimama, kichwa juu, viatu chini. Katikati yake pana nini? Mkanda wa suruali. Wageni waalikwa, viongozi wa dini na wakwe watautazama mkanda huo mpaka picha ibadilike, ukiwa umekaa katikati kwa usahihi ambao fundi seremala na rula yake haufikii. Mashine haina kosa. Uliiomba katikati ya picha, hukuiomba mtu.

Atatokea kijana mjuaji akushauri utumie programu yenye akili, inayotafuta yenyewe sehemu muhimu ya picha. Twitter walishapita njia hiyo. Mwaka 2018 walieleza mfumo wao wa kukata picha, uliofundishwa kukisia jicho la mtazamaji litatua wapi. Mwaka 2020 watumiaji wakaupima kwa picha ndefu yenye seneta Mitch McConnell upande mmoja na Barack Obama upande wa pili, kisha wakawabadilisha nafasi. Mara zote mbili mfumo ukamwonyesha McConnell. Mei 2021 kampuni yenyewe ikatangaza ilichokipima: tofauti ya asilimia 4 kwa kuwapendelea weupe dhidi ya weusi, na asilimia 8 kwa kuwapendelea wanawake dhidi ya wanaume. Ikakiri kwamba kuamua picha ikatwe wapi ni kazi inayomfaa binadamu, ikaanza kuonyesha picha nzima. Waliokwama pale ni wahandisi wa kulipwa. Wewe una laptopu ya kuazima na MC anayekuonyesha saa. Jaribu bahati yako.

Babu akitokea amelala ubavu, tulia. Ukishika simu wima, mara nyingi hurekodi picha ikiwa imelala, kisha huandika ndani ya faili tarakimu kati ya 1 na 8 ya kueleza igeuzwe vipi. Namba 6, kwa mfano, inaagiza robo ya mzunguko kwa mwendo wa saa. Programu inayoisoma humsimamisha babu. Kuna televisheni za ukumbini ambazo ukizichomeka flashi hazina habari na tarakimu hiyo, nazo humlaza. Suluhisho la haraka ni MC kutangaza kwamba mzee alikuwa amejipumzisha. Ikiwa yupo ukumbini, mgeuzie kiti asione.

Kuhusu projekta yenyewe sina mengi. Itawekwa pembeni na chini, kwa sababu mahali pake pamechukuliwa na keki, na picha itatanuka juu na kubana chini. Kwenye menyu kuna sehemu ya kunyoosha umbo hilo. Inanyoosha kwa kuifinya picha, kwa hiyo ukali unapungua, lakini kwa video ya mtu aliyecheza huku akipiga, nani atajua? Video hizo ukizifungua kwa VLC, herufi A hubadilisha uwiano kila unapoibonyeza. Ibonyeze mfululizo, wageni watadhani ni madoido.

Umebaki mtindo mmoja ninaoutaja kwa shingo upande, maana unafanya kazi: kukalisha picha nzima. Hakuna anayekatwa, hakuna anayenenepa, na pande mbili zinabaki nyeusi. Picha ya 9 kwa 16 huchukua pikseli 607 tu kati ya zile 1920 za upana. Hapo ndipo mweka hazina atakapoinuka kuuliza kwa nini kamati imelipia skrini nzima na inatumika theluthi. Wataalamu wa kisasa humfunga mdomo kwa kujaza giza hilo na nakala ya picha ileile, imekuzwa na kutiwa ukungu, mtindo wa taarifa ya habari inaporusha video za simu: bibi harusi mmoja mbele, na nyuma yake bibi harusi jitu lisilo na sura. Mimi naona giza lina heshima zaidi.

Basi usipotaka makuu, fika mchana kabla ya wapambaji, pitia picha moja moja, zinazolala zigeuze na uzihifadhi upya, zilizobaki zikalishe nzima. Mweka hazina akiuliza, mjibu kwamba picha ilipigwa hivyo. Nawe unayewapiga picha wachumba leo kwa ajili ya harusi ya mwakani, tafadhali, laza simu.