Alama Hamsini kwa Chupa Moja: Taabu za Kuonja Bia kwa Kanuni Mjini Kisangani

Kuonja bia, kwa maana ambayo wataalamu huipa kazi hiyo, si kunywa bia, na tofauti hiyo, ambayo vitabuni huelezwa kwa sentensi moja, mjini Kisangani huweza kumalizia watu jioni nzima bila meza kuielewa. Mwonjaji ni mtu anayepewa kiasi kidogo cha bia, pengine nusu ya kikombe cha chai, akakitazama, akakinusa, akakizungusha mdomoni, kisha akakiandikia alama kwenye fomu. Mnywaji ni mtu aliyelipia chupa. Fomu inayojulikana zaidi ni ile ya BJCP, chama cha Marekani kinachothibitisha waamuzi wa bia, kilichoanzishwa mwaka 1985, nayo huzigawa alama 50 hivi: harufu 12, mwonekano 3, ladha 20, hisia ya kinywani 5, na maoni ya jumla 10. Kila anayeisoma kwa makini hutambua kwamba ilitungwa na watu wanaokaa kimya.

Bia ambazo fomu hiyo ilikusudiwa hasa, yaani bia za viwanda vidogo zinazopikwa kwa mitindo mingi na kwa kiasi kidogo, kama zile za Banange mjini Kampala au za Kweza mjini Kigali, ni nadra kuonekana kwenye meza za Kisangani, kwa hiyo mwonjaji hulazimika kuanza na zilizopo. Zilizopo ni Primus, ambayo ni laga nyepesi, yaani bia inayochachushwa polepole kwa hamira ya baridi na kulazwa kabla ya kutiwa chupani. Ni Mützig, iliyo kali kidogo kuliko hiyo. Na ni Turbo King, bia nyeusi yenye utamu wa kimea kilichoungua, ambayo matangazo yake kwa Kilingala huiita jambo la wanaume, ingawa fomu haina mahali pa kuandika jambo hilo, na mama wanaoiagiza baada ya soko kufungwa hawajaonekana kusubiri ruhusa. Zote tatu ni za Bralima, kampuni iliyoanza Léopoldville, yaani Kinshasa ya leo, mwaka 1923 na yenye kiwanda hapo hapo Kisangani. Bia nyingine hupanda mto kutoka Kinshasa, safari ya kilomita zipatazo 1,700, katika boti ambazo hazina kivuli cha kutosha hata kwa abiria.

Taabu ya kwanza huhusu alama tatu za mwonekano, ambazo kwa uchache wake zingepaswa kuwa rahisi. Fomu hutaka rangi, uangavu na povu. Lakini nganda, yaani baa ya mtaani yenye viti vya plastiki, muziki na jiko la makaa pembeni, huwashwa taa za rangi, nyekundu upande mmoja na ya buluu upande wa pili, hivyo Primus ileile huandikwa kuwa na rangi ya shaba na mwonjaji aliyeketi kushoto, na rangi ya maji ya bwawa na yule wa kulia, na wote wawili huwa wamesema kweli. Povu nalo hushikiliwa na protini za kimea pamoja na uchungu wa hopsi, maua yanayotiwa katika bia, na adui wake mkubwa ni mafuta. Glasi iliyotoka mkononi mwa mtu aliyekuwa akila samaki wa liboke, yaani samaki aliyefungwa majanini na kuivishwa juu ya makaa, kisha ikachovywa mara moja katika beseni la maji ya sabuni, huliua povu kabla kalamu haijafunguliwa. Mwonjaji huandika kwamba povu halidumu, na mpishi wa bia, aliyekuwa amelala zake nyumbani, hukatwa alama kwa kosa la beseni.

Harufu ndiyo sehemu inayowatesa zaidi wafuasi wa vitabu, kwa kuwa kasoro za bia huelezwa kwa kufananishwa na vitu ambavyo msomaji hudhaniwa kuvifahamu. Bia iliyopigwa na jua kupitia chupa ya kijani, kwa mfano, husemwa kwamba inanuka kama mnyama mmoja wa Amerika anayefanana na kicheche, kwa sababu mwanga hugeuza viungo vya hopsi kuwa kemikali iliyo jamaa wa karibu wa zile zilizomo katika uvundo wa mnyama huyo, na maelezo hayo, japo ni sahihi, humwacha mwonjaji wa Tshopo, mkoa wa Kisangani, akimsaka mnyama asiyewahi kukutana naye. Kasoro nyingine huitwa siagi, inayotokana na diasetili. Nyingine huitwa tufaha bichi, inayotokana na asetaldehidi. Nyingine huitwa mahindi ya kuchemsha, inayotokana na salfa ya kimea ambacho hakikuchemka vya kutosha. Na nyingine katoni iliyoloa, ambayo ni dalili ya uzee. Orodha hii imewahi kusomwa kwa sauti mezani, na mhudumu aliyekuwa akipita akajibu kwa upole kwamba mahindi yapo, siagi ndiyo imekwisha.

Ndizi huleta fujo yake peke yake. Bia za ngano za Kijerumani husifiwa kwa harufu ya ndizi mbivu na karafuu, na harufu hiyo ya ndizi hutoka kwenye hamira yenyewe, inayotengeneza asetati ya isoamili, kiungo kilekile kinacholipa tunda harufu yake. Msomaji wa Munich hupokea habari hiyo kama muujiza. Lakini Kisangani ni mji ambao ndizi huingia kwa baiskeli, kwa pirogi na kwa kichwa, ambao ndizi hupondwa na kuwa lituma, na ambao uko karibu na Yangambi, kituo cha utafiti wa kilimo kilichoanzishwa miaka ya 1930, kwa hiyo mtu anayeandika neno moja tu, ndizi, huulizwa mara moja ni ndizi gani, ya kupika au ya kula, ya kijani au iliyoanza madoa, na anaposhindwa kujibu huonekana hajui hata alichonusa. Meza moja ya kawaida, ikipewa dakika kumi, huweza kuipa BJCP vijisehemu vinne vipya vya harufu hiyo, na kuvibishania vyote.

Hata hivyo, taabu hizo ni ndogo zikilinganishwa na ile ya kuonja bila kuona chapa. Sababu ya utaratibu huo ni kwamba jina huingia kinywani kabla ya bia, na hakuna mji unaopaswa kulijua hilo kuliko huu ambamo Patrice Lumumba, baadaye waziri mkuu wa kwanza wa Kongo huru, alifanya kazi ya karani wa posta, zama ukiitwa Stanleyville. Alipotoka gerezani mwaka 1957 na kuhamia Léopoldville, Lumumba aliajiriwa na kiwanda cha Bracongo kuitangaza bia ya Polar, naye akazunguka baa za mji akiisifu na kuwanywesha watu dhidi ya Primus ya wapinzani, kiasi kwamba kufikia Oktoba 1958, chama chake cha siasa, MNC, kilipoundwa, palikuwa na watu wengi waliokwisha kumsikia akihutubia mbele ya chupa. Kwa wanywaji wa wakati ule, kuchagua glasi kulikaribia sana kuchagua upande, na haidhaniwi kwamba ulimi wa mtu wa namna hiyo ungeweza kutoa alama 20 za ladha bila kwanza kuuliza habari za siasa.

Kwa kuliepuka hilo, vitabu huagiza chupa zivishwe soksi au karatasi, zimiminwe mahali pasipoonekana, na glasi ziletwe zikiwa na namba tu. Agizo hili hugongana na kanuni ya zamani zaidi, inayoshikwa Kongo mashariki yote na hata ng'ambo ya mipaka, kwamba chupa hufunguliwa mbele ya macho ya mnywaji, kifuniko kikadondoka mezani na mlio wa gesi ukasikika, kwa kuwa bia iliyofunguliwa nyuma ya ukuta huenda ikawa imetiwa kitu. Mwandaaji anayetokea jikoni na sinia la glasi sita zilizokwisha kumiminwa, akitabasamu na kukataa kusema ni bia ya nani, huwa amefanya kila jambo ambalo mtoto wa Kisangani amefundishwa kulikimbia. «Yaya, uliifungulia wapi?» huulizwa, na swali hilo haliwekwi alama. Akijibu kwamba siri ndiyo kanuni yenyewe, hali huwa mbaya zaidi. Akizileta chupa zenyewe ili kuwatuliza, zikiwa zimevaa soksi, hudhaniwa ameleta lotoko, pombe kali ya mahindi na mihogo inayokenekwa kwenye mapipa, ambayo tangu marufuku za zama za ukoloni imezoea kusafiri kwa kujificha. Suluhu ambayo hupatikana ni kwamba mwandaaji anywe kwanza kutoka kila glasi, na kwa hiyo mtu pekee anayejua majibu ndiye anayeonja zaidi.

Joto la bia nalo lina sura yake. Vitabu hudhani kwamba laga nyepesi itanywewa kwenye nyuzi chache juu ya sifuri, na bia nyeusi nzito kwenye nyuzi kumi na zaidi, kwa sababu baridi kali huufanya ulimi uwe ganzi na kuzifungia harufu ndani. Mhudumu wa nganda ana swali moja tu, «Papa, ya baridi ao ya moto?», ambapo ya moto maana yake ni iliyokaa kwenye kreti bila friji, na kati ya majibu hayo mawili hakuna daraja la nyuzi kumi na mbili. Mwonjaji anayejaribu kulieleza daraja hilo huambiwa aagize ya baridi kisha aingoje. Umeme unapokatika, jambo ambalo haliwi habari, daraja hilo hujipitia lenyewe, nazo ni dakika chache ambazo Turbo King huwa kama vitabu vinavyotaka. Bahati mbaya huwa ni gizani, na hakuna anayeiona fomu.

Kisha lipo suala la kiasi. Mashindano huonja mitindo sita kwa funda chache, mabaki yakamwagwa, lakini chupa ya Primus iliyozoeleka ni ya sentilita 72, na chupa iliyofunguliwa haiachwi, hivyo mitindo sita ni lita nne na zaidi kwa kila aliyekubali mwaliko, bila kuhesabu raundi ambayo mmoja ataanzisha kwa heshima na wengine watawajibika kuirudisha. Kutema bia iliyonunuliwa na mwenzako ni matusi yasiyohitaji maelezo. Kuimwaga ni tatizo la aina nyingine: matone machache yamwagwayo chini kabla ya kunywa ni ya wahenga, na mwonjaji mwaminifu, anayemwaga kidogo baada ya kila glasi ili asilewe, huwa mbele ya meza amewataja marehemu mara sita kwa mfululizo. Wazee hunyamaza kwa adabu hadi ya tatu. Kwenye ya nne mmoja huuliza, «Papa, ni nani alikufa?», na tangu hapo jioni hugeuka kuwa ya rambirambi.

Mara moja moja bia ya kweli ya mtindo wa kigeni hufika, aghalabu chupa moja ya watawa wa Ubelgiji katika sanduku la binamu aliyetoka Bruxelles. Bia hizo huitwa za Trappist kwa sababu hupikwa ndani ya kuta za monasteri chini ya usimamizi wa watawa wa shirika hilo, ambalo tawi lake la Westmalle lilikuwa na misheni Bamanya, karibu na Mbandaka ya leo, tangu mwishoni mwa karne ya 19. Rochefort 10, mojawapo ya kali zaidi, ina kileo cha asilimia 11.3, na chini yake hutulia hamira hai inayotakiwa ibaki chupani. Chupa ya sentilita 33 ikigawiwa watu wanane humpa kila mmoja sentilita nne, yaani kipimo kidogo kama kile cha vitabu, na kwa mara ya kwanza meza nzima huzishika glasi kama waonjaji halali. Ila mwenye nyumba, akiona utando wa vumbi chini ya chupa, huwa amekwisha kuitikisa vizuri kama juisi ya maracuja, baada ya chupa yenyewe kutikiswa na pikipiki kutoka uwanja wa ndege wa Bangoka, na kinachotoka baada ya kifuniko kufunguliwa, mbele ya macho ya wote kama kanuni inavyodai, hakiingii kwenye glasi. Fomu za jioni hiyo hupata alama kamili katika povu, alama ya sifuri katika ladha, na katika sehemu ya maoni ya jumla mtu huandika kwamba nguo itahitaji kufuliwa leo leo.

Zinapofika fomu za mwisho, tarakimu huwa zimeshapoteza adabu: mmoja ametoa 47 kati ya 50 kwa bia ambayo hakuionja kwa kuwa iliisha, mwingine ametoa alama kwa mbuzi wa kuchoma. Mhudumu, ambaye hesabu yake hutegemea chupa tupu zilizopangwa chini ya meza na si kumbukumbu ya mtu yeyote, huinama kuzihesabu, azikute zimevaa soksi, na kuanza kuzivua moja moja ili ajue ipi inarudi kwenye kreti ipi. Soksi moja hukosa mwenyewe.